Nyumbu ni wa Nani?

Msomaji, kama hujawahi kukaa kijiweni kwetu Sakina, kando ya barabara iendayo Namanga, basi kuna shule moja hujaisoma. Haina ada, haina sare, na mwalimu mkuu ni yeyote mwenye sauti kubwa siku hiyo. Mimi nilimaliza kidato cha nne, matokeo tuyaache kama yalivyo, na elimu yangu iliyobaki naipatia pale, kwenye benchi la muuza kahawa. Wanakuja madereva wa utalii, wapagazi wa Mlima Meru, mafundi gereji, na sisi wengine ambao ukituuliza kazi tunajibu "tunajishikiza tu." Mimi najishikiza na riwaya. Ina kurasa mia mbili na bado haijapata mwisho, lakini hayo si ya leo.

Kila kijiwe kina ubishi wake. Kwingine ni Simba na Yanga. Kwetu ni hifadhi. Usicheke! Kule Orlando, Marekani, watu wazima wenye ndevu zao wanabishana kama bustani za michezo za Disney zitazidiwa na za Universal, nani anajenga bembea gani, na lini. Sisi bembea hatuna. Tuna Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro, Manyara na Tarangire, na jirani zetu wana Masai Mara na Amboseli. Ubishi ni uleule: nani mkubwa, nani anavuta watu, nani ana mipango ya kumpiku mwenzake kesho.

Siku ninayotaka kuisimulia, moto aliuwasha dereva mmoja wa basi dogo la Nairobi na Arusha. Ni Mmasai wa Narok, Kenya, mtu wa utani sana, na kila akipita lazima asimame kwetu abiria wanunue maji. Alikunywa fundo moja la kahawa, akafuta mdomo, akasema:

"Ndugu zangu, nyinyi mna uwanja tu. Nyumbu akitaka kula vizuri anakuja kwetu Mara."

Loo! Utadhani kawamwagia watu kahawa ya moto mapajani.

"Kaka, sikiliza," mpagazi mmoja akaruka. "Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Hiyo Mara yenu ina kama 1,510. Zipange Mara tisa, bado hujaifikia!"

"Na nyumbu anazaliwa wapi?" akadakia mwingine. "Ndutu! Mwezi wa pili ukienda kule unakuta ndama wametapakaa kama mchele uliomwagika. Kwenu anakuja kutembea, akichoka anarudi kwao."

Yule dereva wala hakutikisika. "Mto Mara unatoka wapi? Unatoka msitu wa Mau, kwetu. Kiangazi kikikaza, mto mwingine ndani ya Serengeti yenu wa kutegemea uko wapi? Tukifunga bomba, mtachunga vumbi."

Watu wakacheka, lakini kile kicheko kilikuwa na mwiba. Mimi nikabaki nawaza. Hapa wote tunarushiana maneno, lakini nani anajua ugomvi huu ulianzaje? Basi nikafanya kazi ambayo si kawaida yangu: nikaingia maktaba, nikasumbua wazee, nikajaza daftari.

Nilianza na mpaka wenyewe, maana bila mpaka ubishi usingekuwepo. Shuleni tuliambiwa, na kijiweni bado wanaapa, kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake wa Ujerumani Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mstari umepinda. Ni hadithi tamu, na mimi kama mtunzi naionea wivu, lakini ni hadithi. Mstari ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Mlima ukabaki upande wa Wajerumani, Mombasa upande wa Waingereza, mstari ukaendelea hadi Ziwa Viktoria ukikata katikati ya nyika ambayo nyumbu walikuwa wakiizunguka mwaka mzima. Hakuna aliyewauliza nyumbu. Wala Wamasai.

Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 ikakatwa: Ngorongoro ikatengwa na kupewa utaratibu wake, na Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti wakahamia huko baada ya kukubali, mwaka 1958, kuondoka. Walikubali kwa kuahidiwa kwamba Ngorongoro wataishi na mifugo yao. Kumbuka ahadi hiyo unaposikia habari za tangu mwaka 2022 za familia kuhamishwa Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari. Wengi wa wakazi wanasema sivyo.

Mwaka huohuo wa 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa filamu yake juu ya Serengeti, ikapata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege mle mle hifadhini Januari 1959, wakiwa katika kazi hiyo ya kuhesabu wanyama. Hapo ndipo jina la Serengeti liliposambaa duniani. Masai Mara ilianzishwa mwaka 1961. Kwa hiyo, dereva wangu wa Narok, kwa umri sisi ni kaka!

Lakini kuna jambo moja nililokutana nalo ambalo hakuna mtu kijiweni alikuwa analijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa nyika ile hawakuwa milioni. Walikuwa kama laki mbili na nusu. Ugonjwa wa sotoka, uliofagia ng'ombe na wanyamapori tangu miaka ya 1890, ulikuwa bado unawatafuna. Ng'ombe wa wafugaji kuzunguka nyika wakachanjwa, sotoka ikakosa pa kukaa, na kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa kama milioni 1.3. Yaani hii "maajabu ya dunia" tunayogombania imenenepa kwa sababu ng'ombe wa wafugaji walichomwa sindano, pande zote mbili za mpaka. Sasa nyumbu ni wa nani?

Mwaka 1977, nyumbu walipofikia wingi huo, ndio mwaka sisi binadamu tuligombana.

Kijiweni kwetu yuko mzee mmoja, dereva mstaafu, ambaye mwaka ule alikuwa utingo kijana wa gari la watalii. Hapendi ubishi, anakohoa tu. Siku nilipomuuliza juu ya 1977 aliweka kikombe chini.

"Mwanangu," akasema, "sisi tulishangilia. Nisikufiche."

Walishangilia kwa nini? Kwa sababu kabla ya hapo mtalii alishuka Nairobi, akapanda gari la kampuni ya Nairobi, akala na kulala kwa mpango uliolipiwa Nairobi, akaja akaiona Ngorongoro na Serengeti, akarudi zake Nairobi. Arusha ilibakiwa na vumbi la matairi. Tanzania ilikuwa imejenga uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, na mahoteli ya serikali kule Seronera, Lobo na ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, lakini mlango wa wageni ukabaki Nairobi. Shirika la ndege la pamoja, East African Airways, likafa mwanzoni mwa 1977. Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka. Magari ya utalii ya Kenya yaliyokutwa huku yakazuiwa, na ndege ndogo pia. Hesabu ilikuwa rahisi: mtalii anayetaka Serengeti sasa atashuka kwetu.

"Akashuka?" nikamuuliza mzee.

"Nani? Tulikaa pale mnara wa saa tunahesabu kunguru."

Watalii wengi waliamua kwamba Mara inatosha. Kenya ikaisifia kuliko zamani, na duniani wakazoea kwamba safari ni Kenya. Mahoteli yetu yakawa na vitanda vilivyotandikwa bila mtu wa kulala. Bosi wa yule mzee akauza gari, mzee akaenda kulima maharage Mbuguni. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yalikuwa hapahapa Arusha, ikavunjika mwaka huohuo. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, viongozi wa nchi tatu walipokutana Arusha. Lakini njia moja ya watalii haikufunguliwa tena: ile ya Bologonja, inayounganisha Serengeti na Mara moja kwa moja. Nyumbu anapita pale bila kugonga mhuri. Mtalii anayetaka kumfuata lazima azunguke hadi Sirari au Namanga, au apande ndege.

Nilipomsimulia yule dereva wa Narok habari hizi, alisema kwa sauti kubwa ili wote wasikie, "Kwa hiyo mlijifungia wenyewe nje!" Na mimi nikamjibu kwamba nao hawana mikono misafi. Mwaka 1985 nchi mbili ziliandikiana makubaliano ya wapi gari la utalii la huku litashusha abiria kule, na la kule huku. Desemba 2014 Kenya ikayakataza magari yetu ya utalii kuchukua wageni uwanja wa Jomo Kenyatta. Machi 2015 Tanzania ikajibu kwa kuzipunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Marais Kikwete na Uhuru Kenyatta wakakutana Namibia mwezi huohuo, mambo yakarudi yalivyokuwa. Agosti 2020, wakati wa korona, Kenya ikatuacha nje ya orodha ya nchi zinazoruhusiwa kuingia bila karantini, na sisi tukaipiga marufuku Kenya Airways kwa majuma kadhaa. Ndivyo tulivyo. Mmoja akifunga dirisha, mwingine anafunga mlango.

Ugomvi mwingine ulifika hadi mahakamani. Mwaka 2010 serikali yetu ilitangaza kujenga barabara kuu ya kupita kaskazini mwa Serengeti, kilomita kama 53 zikiwa ndani ya hifadhi. Asasi moja ya Kenya ya kutetea wanyama ikaishtaki Tanzania kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo iko wapi? Arusha! Juni 2014 mahakama ikaamua kwamba kujenga pale barabara ya lami ni kinyume cha Mkataba wa Jumuiya. Kijiweni hukumu hii bado inagawa watu. Wengine wanasema Wakenya walilinda biashara yao, wala si nyumbu. Mimi nadhani walilinda vyote viwili, na sioni aibu yake. Lakini pia nina shangazi Loliondo, na ukimwambia habari za lami anauliza mgonjwa wake atafikaje hospitali masika.

Na mipango ya kesho? Hapo ndipo ubishi unapokuwa mtamu, maana kesho haina ushahidi. Wetu wanataja hifadhi mpya zilizotangazwa mwaka 2019, mojawapo Hifadhi ya Nyerere yenye kilomita za mraba zaidi ya 30,000, mara mbili ya Serengeti. Wanataja filamu ya Rais Samia, The Royal Tour, ya mwaka 2022. Dereva wa Narok anajibu kwa tarakimu: mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wa kimataifa karibu milioni 2.4, sisi milioni 2.1 na kidogo. "Mnakuja, mnakuja," anasema, kama anavyosemeshwa mtoto anayejifunza kutembea. Kisha mtu anakumbusha kwamba Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 tulipewa kwa pamoja, Kenya, Uganda na Tanzania, na watu wanahamia kwenye mpira.

Katika ubishi wote huo kuna hifadhi moja hakuna anayeitaja, nayo inaonekana ukigeuza shingo tu. Ni yetu, Arusha, iliyoanza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto. Haina simba. Ina mbega, twiga, maziwa ya Momella, na mlima wa zaidi ya mita 4,500 ambao watu wanaupanda kama mazoezi kabla ya Kilimanjaro. Sehemu kubwa ya filamu ya Hatari! ya John Wayne, ya mwaka 1962, ilipigwa maeneo ya Momella, lakini nani kijiweni anaikumbuka?

Bibi yangu anakaa Ngare Nanyuki, jirani na hifadhi hiyo. Nilikwenda kumuuliza, nikiwa na daftari langu, kama mtu mkubwa. Nikamuuliza yeye anaona hifadhi ipi ni bora. Alikuwa anachambua maharage, akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia habari za Novemba 1951, yeye akiwa mtoto wa miaka sita. Serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru kama elfu tatu katika ardhi ile ili wapewe walowezi wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Watu walipelekwa King'ori. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kuwasemea, Mtanganyika wa kwanza kusimama pale. Hayo ya Kirilo niliyasoma. Ambalo sikulisoma popote ni kwamba bibi alibeba kuku mmoja njia nzima, na yule kuku alikufa King'ori.

"Sasa hao nyumbu wenu," akaniuliza, "wao wakihama wanarudi?"

"Wanarudi, bibi. Kila mwaka."

Akaendelea na maharage.

Nilimsimulia yule dereva aliposimama tena Sakina. Nilitegemea atanitania. Alinyamaza kidogo akizungusha kikombe, akasema, "Sisi tulitolewa Laikipia, 1911. Babu wa babu yangu." Nikamuuliza walibeba nini. Hakujua. Alisema atamuuliza baba yake akifika Narok. Abiria wake wakaanza kupiga honi wenyewe, akaruka kwenye gari, na ndipo nilipogundua ameondoka bila kulipa kahawa.