Anwani za intaneti: ghala la Afrika lililofikishwa mahakamani

Mwezi wa tisa mwaka 2025, wanachama wa AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti barani Afrika, walichagua bodi mpya baada ya miaka kadhaa bila uongozi kamili. Huku Ituri, mashariki mwa Kongo, watu wana mashaka makubwa zaidi ya kuhangaikia. Hata hivyo, jambo hilo linamgusa kila anayenunua mega pale Marabo, kwenye barabara ya Bunia kwenda Komanda, kwa kuwa hakuna simu inayofungua ukurasa wowote wa intaneti kabla haijapewa anwani.

Siku hizi anwani hiyo, ambayo ni namba tu, hupatikana bila mtu kujaza fomu. Kijana akifungua hotspoti ili wenzake watumie intaneti yake, simu yake hugeuka mgawaji. Simu ya mwenzake, ambayo bado haina anwani, huita wote waliopo: nani anagawa hapa? Mgawaji hutaja namba iliyo wazi, mwombaji huikubali, kisha mgawaji huthibitisha na kutaja muda wa kuitumia. Ni kama chumba cha kupanga: nusu ya muda ikifika, simu huomba kuongezewa, isipoomba, muda ukiisha namba inaweza kupewa mwingine. Yote hayo huisha ndani ya sekunde chache.

Zamani namba zilisambazwa kwa mkono. Huko California, Jon Postel ndiye aliyetunza orodha ya namba za intaneti ya mwanzo, na kila fundi aliandika mwenyewe anwani ndani ya kompyuta yake. Juni 1984, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa utaratibu wa kuisaidia mashine isiyo na diski kuuliza anwani yake. Septemba 1985, Bill Croft na John Gilmore wakatoa utaratibu mwingine, BOOTP, lakini bado fundi alipaswa kuorodhesha kila mashine mapema. Oktoba 1993, Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Marekani, akaandika hati ya DHCP, utaratibu ule ule wa hotspoti, iliyoongeza jambo kubwa: kukopesha anwani kwa muda. Toleo la Machi 1997 ndilo msingi wa utaratibu unaotumika mpaka leo.

Lakini mgawaji hagawi asichonacho. Anwani za aina ya zamani, IPv4, hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Tarehe 3 Februari 2011, mafungu matano ya mwisho yaligawiwa mashirika matano ya mabara, kila moja fungu moja. La Afrika ni AFRINIC, lenye makao yake Ebène, Morisi, lililotambuliwa rasmi mwaka 2005. Kabla ya hapo, Waafrika waliomba anwani zao Ulaya, Marekani na Asia. Kuwa na ghala letu wenyewe ilikuwa heshima, na sisi tulikuwa wa mwisho kuishiwa. Akiba hiyo ndiyo iliyoleta vita.

Kwanza wizi ulitoka ndani. Ukaguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba anwani zaidi ya milioni 2 zilikuwa zimetolewa ghalani bila idhini halali. Kisha ukaja ugomvi na Cloud Innovation, kampuni iliyosajiliwa Shelisheli, iliyokuwa imepewa anwani zipatazo milioni 6.2 kati ya 2013 na 2016. Hiyo ilikuwa mali kubwa, kwani mwaka 2021 kila anwani iliuzwa sokoni kwa zaidi ya dola 20. AFRINIC ilidai kwamba anwani hizo zilikuwa zikitumika tofauti na maombi ya awali, nje ya Afrika, ikataka kuzirudisha. Kampuni ikajibu kwamba haikuvunja mkataba, ikaenda mahakamani.

Julai 2021 mahakama ya Morisi ikazuia akaunti za benki za AFRINIC, na mishahara ya wafanyakazi ikawa mashakani. Kesi ziliongezeka hadi makumi. Mwaka 2022 bodi ikakosa akidi, na mkurugenzi mkuu akaondoka. Septemba 2023 shirika likawekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Uchaguzi wa Juni 2025 ukafutwa kwa sababu ya mzozo wa hati za uwakilishi, na miezi mitatu baadaye ndipo bodi mpya ikapatikana.

Wakati wakubwa wakigombana, mzigo unabebwa na mtumiaji. Kwa uhaba wa IPv4, makampuni mengi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Mmoja akifanya uharibifu, anwani inaweza kufungiwa na wengine wote wakaumia. Fundi wa Bunia anayetaka kuweka seva yake mwenyewe hupata shida kufikiwa kutoka nje.

Dawa ilikwisha kupatikana. Aina mpya, IPv6, iliandikwa katikati ya miaka ya 1990. Ina anwani nyingi kiasi kwamba ruta hutangaza mwanzo wa anwani tu, na kila kifaa hujitengenezea sehemu iliyobaki. Ghala la AFRINIC lina akiba kubwa ya aina hiyo. Kinachokosekana ni nia ya kuitumia.

Ni aibu kwa bara letu kuacha mali ya wote igeuke ugomvi wa wachache huku wanachama wengi wakitazama. Makampuni ya mawasiliano ya Kongo yasiishie kulipa ada. Yapige kura, yasome hesabu za shirika na kuwafungulia wateja wao IPv6. Vyuo vikuu vya Bunia navyo viwafundishe wanafunzi habari hizi tangu mwaka wa kwanza. Mali isiyo na wa kuilinda huchukuliwa, na safari ijayo hatutakuwa na haki ya kulalamika.