Mlinzi Aliyezeeka: Historia Fupi ya Fayawoli na Wajibu Wetu



Katika kuadhimisha miaka kumi ya chama chetu kikuu, ni desturi njema kuyakumbuka maghala, mizani na magunia. Sisi twaomba nafasi kidogo tusimulie habari za chombo ambacho wengi wetu hatujapata kukiona, ingawa hulinda jasho la mkulima wa Ikolo sawasawa na kufuli la ghala.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Zamani daftari la ushirika lilikuwa kitabu cha karatasi, lilifungiwa kabatini, na ufunguo ulikaa kwa katibu. Leo mambo yamegeuka. Kakao ya Kyela huuzwa kwa stakabadhi za ghala na kwa mnada, hesabu za vyama huwekwa katika mfumo wa serikali uitwao MUVU, na malipo hupitia benki. Jina la mkulima, kilo alizopeleka na namba ya akaunti yake husafiri kwa intaneti. Hivyo kabati letu limepata mlango wa pili, usioonekana kwa macho, na mlinzi wa mlango huo huitwa fayawoli.

Jina hilo latokana na ujenzi: ni ukuta uzuiao moto usivuke kutoka nyumba moja hadi ya pili. Fayawoli ya ofisini ni kisanduku kilichowekwa kati ya kompyuta zetu na intaneti. Kila habari ipitayo huulizwa yatoka wapi, yaenda wapi, na kama inayo ruhusa. Isiyo na ruhusa hurudishwa.

Mmoja wa wazee wa ukoo huu ni PIX, iliyobuniwa Marekani mwaka 1994. Kampuni ya Cisco iliinunua mwaka 1995, ikaiuza duniani kote. Julai 2008 mauzo yalikoma, na Julai 2013 huduma nayo ikakoma. Tangu hapo mtengenezaji hakutoa tena marekebisho ya programu yake. Hata hivyo visanduku vingi viliendelea kuwaka taa, na wenye navyo wakadhani wangali salama.

Agosti 2016 kikundi kilichojiita Shadow Brokers kilitoa hadharani zana za wavunjaji wa mitandao. Zana mojawapo iliweza kuzichopoa funguo za siri kutoka ndani ya PIX zenye programu za kale. Kwa programu hizo hapakuwa na dawa, maana aliyeweza kuitengeneza alikwisha kuacha kazi hiyo. Mrithi wa PIX, aitwaye ASA, alizaliwa mwaka 2005, naye hakusalimika. Tarehe 25 Septemba 2025 serikali ya Marekani iliziamuru ofisi zake za kiraia kuzing'oa ASA ambazo huduma yake ilikuwa inakoma tarehe 30 ya mwezi huo, kwa kuwa wavamizi walikuwa wakizitumia kuingilia.

Twajifunza nini? Bawabu asiyepewa habari za wezi wapya husimama mlangoni, lakini halindi. Wezi hubuni hila mpya kila mwezi; marekebisho ya mtengenezaji ndiyo macho ya mlinzi. Yakikoma, mlinzi amekuwa kipofu, ijapokuwa taa yake yawaka. Hata programu ya kompyuta iitwayo Windows 10, iliyotolewa Julai 2015, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Miaka kumi kwa ushirika ni ujana. Kwa mitambo ni uzee.

Ziwa letu nalo latupa mfano. Meli Chauncy Maples iliingia majini mwaka 1901, ikienda kwa mvuke wa kuni. Mwaka 1967 mtambo wa mvuke uliondolewa, ukawekwa wa dizeli. Mwili wa meli ulibaki, na safari ziliendelea. Kubadili mtambo si kuitupa meli.

Basi, katika mkutano mkuu, mwanachama aulizapo, "Mbona tununue kingine na hiki hakijaharibika?" hilo ni swali la haki, maana fedha ni zake. Jibu letu ni kwamba yapasa kuhesabu mwisho wa huduma, si siku ya kuharibika. Bodi na iandike katika daftari la mali tarehe ya mwisho wa huduma ya kila chombo, na kila msimu itenge akiba kidogo kidogo. Chombo kipya kifungwe na kujaribiwa kabla ya msimu wa mauzo, wala si katikati ya malipo. Ruhusa za zamani zisinakiliwe zote bila kuchunguzwa, maana nyingine zilitolewa kwa watu waliokwisha kuondoka. Na kisanduku cha kale kifutwe kumbukumbu zake kabla ya kutupwa, kwa kuwa ndani yake zimo siri za nyumba.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Gharama ya kubadili kisanduku kimoja hujulikana mapema na hupigiwa kura. Gharama ya daftari lililoibwa hulipwa na mkulima bila kuulizwa. Twawaomba viongozi na wanachama walikumbuke jambo hili wapangapo bajeti za miaka kumi ijayo.

Ushirika na udumu.