Padre Miguel Pro, aliyeuawa bila kesi

Ugomvi wa serikali ya Mexico na Kanisa Katoliki haukuanza na Padre Miguel Agustín Pro, wala haukwisha alipouawa. Tangu enzi za Rais Benito Juárez, katikati ya karne ya 19, wanasiasa wengi waliliona Kanisa kuwa dola ndani ya dola, lenye ardhi, shule na usemi kupita kiasi. Hoja yao haikuwa ya bure. Lakini Katiba ya 1917, iliyozaliwa na mapinduzi, haikuishia kutenganisha dini na siasa. Kifungu cha 130 kililinyima Kanisa hadhi ya kisheria na kuwanyima mapadre haki ya kupiga kura.

Pro alizaliwa Januari 13, 1891, huko Guadalupe, jimbo la Zacatecas, mtoto wa mhandisi wa migodi. Alikuwa mcheshi, hodari wa kuigiza watu. Alijiunga na Wajesuiti mwaka 1911. Miaka mitatu baadaye mapinduzi yakawatawanya. Akapitia California, Hispania na Nicaragua, hadi Ubelgiji alikopewa upadrisho Agosti 31, 1925. Tumbo lilimtesa, na hata baada ya kupasuliwa hakupata nafuu ya maana. Wakubwa wake wakaona heri arudi kwao.

Alitua Veracruz Julai 1926. Kabla mwezi haujaisha, sheria ya Rais Plutarco Elías Calles ilianza kutumika: kwa padre, kuvaa kanzu hadharani tu kulikuwa kosa la kutozwa faini. Maaskofu nao wakasimamisha ibada zote za hadhara. Wakulima wa Jalisco na majimbo ya jirani wakashika bunduki, na Vita vya Cristero vikawaka.

Bunduki ya Pro ilikuwa baiskeli. Alizunguka Jiji la Mexico akipeleka komunyo nyumba kwa nyumba, akiungamisha, akikusanyia familia maskini chakula. Leo alivaa kofia ya fundi akawaendeshea madereva mafungo. Kesho alikuwa bwana mtanashati mwenye fimbo. Husimuliwa kwamba siku moja, polisi wakiwa nyuma yake, alimshika mkono binti Mkatoliki aliyemkuta njiani, wakatembea kama wachumba, na polisi wakapita. Kipaji alichochekeshea ndugu zake utotoni sasa kilimwokoa.

Novemba 13, 1927, bomu lilirushwa kwenye gari la Jenerali Álvaro Obregón, rais wa zamani. Gari la washambuliaji liliwahi kuwa mali ya Humberto, mdogo wake Pro. Mhandisi Luis Segura Vilchis alikiri kuwa ndiye aliyepanga shambulio, lakini Pro na ndugu zake wawili, waliokuwa wamekwisha kukamatwa, hawakuachiwa. Hawakufikishwa mahakamani. Kwangu hilo ndilo linaloihukumu serikali ile kuliko mengine yote: katiba iliyotungwa kumbana padre ilikuwa na mahakama, na Calles hakuthubutu kuzitumia.

Asubuhi ya Novemba 23 Pro alitolewa rumande hadi uwanja wa polisi wa kulengea shabaha, ambako wapigapicha walikuwa wamealikwa. Alikuwa amevaa suti. Aliomba nafasi ya kusali, akapiga magoti, akasimama tena. Akakataa kufungwa kitambaa machoni, akanyoosha mikono kama aliyesulubiwa, akasema “Viva Cristo Rey”, aishi Kristo Mfalme. Sikukuu ya jina hilo, ambalo leo parokia nyingi za Afrika Mashariki hulibeba, Papa Pius XI aliianzisha Desemba 1925, miezi mitatu na siku chache tu baada ya upadrisho wa Pro. Risasi za kwanza hazikummaliza. Askari akamsogelea na kufyatua nyingine. Segura, Humberto na Juan Tirado waliuawa asubuhi hiyohiyo. Roberto, ndugu mwingine wa Pro, aliponea chupuchupu, baada ya mwanadiplomasia wa Argentina kuingilia kati.

Calles alitaka picha ziwatishe Wakatoliki. Badala yake maelfu walijaa barabarani kusindikiza jeneza, na picha zikageuka kuwa za kuombea. Obregón mwenyewe aliuawa Julai 1928 na José de León Toral, rafiki wa Humberto. Mapatano ya Juni 1929 yalirudisha misa makanisani bila kufuta kifungu hata kimoja. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Pro kuwa mwenyeheri, Septemba 25, 1988, Kanisa lilikuwa bado halitambuliki kisheria nchini Mexico. Kifungu cha 130 kilirekebishwa mwaka 1992.