Ajira na Saa za Kazi za Wauguzi Tanzania katika Kipindi cha Mdororo wa Uchumi, 1979–2007

Historia ya mdororo wa uchumi nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata bei ya mafuta, gharama za Vita vya Kagera na majadiliano ya Serikali na Shirika la Fedha la Kimataifa yaliyozaa Mpango wa Kufufua Uchumi wa mwaka 1986. Sehemu hii inafuata waraka wa hadhi ya chini zaidi, yaani ratiba ya zamu wodini. Hoja yake ni kwamba kilichookolewa kwenye bajeti ya mishahara kililipwa kwa saa za muuguzi.

Athari ya kwanza ilikuwa katika thamani ya mshahara, si katika idadi ya watumishi. Katika miaka ya 1980 mhitimu wa chuo cha uuguzi aliendelea kupangiwa kituo na Serikali, lakini mfumuko wa bei ulikuwa umekwisha kuumega mshahara wake. Aili Mari Tripp ameonesha jinsi waajiriwa wa Dar es Salaam walivyoishi kwa miradi: kufuga kuku, kuuza maandazi, kushona nguo. Wauguzi hawakuwa kisiwa. Hospitali binafsi za kibiashara, zilizokuwa zimepigwa marufuku mwaka 1977, ziliporuhusiwa tena mwaka 1991, mlango wa mwajiri wa pili ulifunguka, na usingizi wa baada ya zamu ya usiku ukapata mshindani mwingine.

Mwaka 1993 Serikali ilisitisha ajira ya moja kwa moja kwa wahitimu. Hapa inafaa kupiga hesabu. Wiki ina saa 168; tukichukua wiki ya kazi ya saa 40, nafasi moja ya muuguzi isiyoachwa wazi mchana wala usiku inahitaji watu zaidi ya wanne, kabla ya kuhesabu likizo na ugonjwa. Mmoja akistaafu bila kuzibwa pengo lake, watatu waliobaki wanabeba saa 56 kila mmoja. Hakuna tangazo lililorefusha wiki ya kazi, wala halikuhitajika. UKIMWI, uliotambuliwa Kagera mwaka 1983, uliongeza wagonjwa wa kulazwa na kuwaondoa wauguzi wenyewe.

Pengo lilizibwa pia kwa wahudumu wasiosomea uuguzi. Baadhi ya maofisa hupenda kuita hali hiyo ubunifu. Mwandishi huyu anaiona kuwa uhamishaji wa gharama kwenda kwa mtumishi wa mshahara mdogo zaidi, na kwa mgonjwa. Wakati huohuo vyuo viliendelea kutoa wahitimu waliosubiri vibali vya ajira huku wodi zikilalamikia uhaba. Kwa hiyo neno “uhaba” litumike kwa tahadhari: kilichokosekana hakikuwa wauguzi tu, bali pia ruhusa ya kuwalipa.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, uliahidi zahanati katika kila kijiji. Matofali yanaweza kuchangiwa na wanakijiji. Mshahara hauchangiwi hivyo. Zahanati yenye muuguzi mmoja haina haja ya ratiba ya zamu, kwani mjamzito akibisha hodi usiku wa manane, anayeamka ni yuleyule aliyefungua mlango asubuhi.