Taa tatu zilizonifunza kuandika programu

Wiki iliyopita programu yangu ilimeza makosa kimya kimya hadi data ikaharibika. Nikakumbuka taa tatu nilizosimuliwa na fundi mmoja hapa Sigalagala, Kakamega, mji ambao vijana wengi wanaujua kwa chuo chake cha ufundi.

Umeme wetu wa fezi tatu, volti 415 kwa 240, una nyutro iliyofungwa ardhini. Mwanzoni mwa karne ya 20, mitambo mingi duniani haikuwa hivyo. Waya mmoja ukigusa ardhi, fyuzi haikuungua, kazi iliendelea. Raha, sivyo? Basi sikia: katika mtambo wa volti zetu, nyaya mbili zilizobaki hupanda kutoka volti 240 hadi 415 dhidi ya ardhi. Mpira wake unachoka, na fezi ya pili ikigusa ardhi ni shoti kubwa.

Wazee walijuaje mapema? Taa tatu, kila moja kati ya fezi yake na ardhi. Zikiwaka hafifu sawasawa, salama. Moja ikizima na mbili zikang'aa, iliyozima ndiyo yenye hitilafu. Kisha walizima tawi moja moja mpaka taa zilingane.

Mwaka 1916 Waldemar Petersen wa Ujerumani alibuni koili ya kuzima cheche za hitilafu hiyo. Kwingine wakafunga nyutro ardhini, hitilafu ijikate yenyewe. Melini na katika vyumba vya upasuaji, mifumo isiyofungwa ingalipo, ikiwa na kifaa cha kupiga kengele.

Mtambo kuendelea kufanya kazi si dalili ya uzima. Nimeshaiwekea programu yangu taa. Yako je?