Mifumo Endeshi ya Kompyuta katika Ofisi za Kisiwa cha Mafia

Mfumo endeshi ni programu mama ya kompyuta: ndio unaogawa kumbukumbu, kupokea kinachochapwa kwenye kibodi, kutunza mafaili na kuzipa programu nyingine mahali pa kufanyia kazi, kiasi kwamba programu ya hesabu iliyoandikwa kwa ajili ya mfumo mmoja kwa kawaida haifunguki kwenye mfumo mwingine. Katika ofisi za Mafia, wilaya ya visiwa ya Mkoa wa Pwani yenye makao makuu Kilindoni, uamuzi kuhusu mfumo upi utumike kwa sehemu kubwa haukufanyika kisiwani. Ulifuata programu zilizovuka bahari kutoka bara, hasa zile za serikali, na ofisi zikatafuta kompyuta zilizoweza kuziendesha.

Mizizi ya hali hiyo ni mirefu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, enzi ambazo kiwanda kiliuza mashine pamoja na mfumo wake, hivyo mnunuzi akabaki kumtegemea muuzaji mmoja kwa vipuri, mafundi na programu. Matatizo ya kuendesha hesabu za Hazina kwa mashine hizo, pamoja na uhaba wa fedha za kigeni, yalichangia amri ya mwaka 1974 iliyozuia kuingiza kompyuta na televisheni nchini bila kibali. Marufuku hiyo ilipolegezwa na hatimaye kuondolewa katika miaka ya 1990, kazi za ofisi duniani zilikuwa zimekwisha kuhamia kwenye kompyuta ndogo za mezani zilizotumia MS-DOS na baadaye Windows, zote za kampuni ya Microsoft ya Marekani. Ofisi nyingi za Tanzania, kwa hiyo, hazikupata nafasi ya kulinganisha mifumo. Zilikuta mshindi amekwisha kupatikana.

Halmashauri za wilaya zilifungwa zaidi na programu za fedha na mipango. EPICOR, mfumo wa hesabu ulioanzia Hazina na kusambazwa katika halmashauri, ulihitaji Windows. PlanRep, programu ya kuandalia mipango na bajeti, katika matoleo yake ya awali ilifungwa kwenye kompyuta za ofisini, na takwimu zake zikasafirishwa kwa mafaili hadi ngazi za juu ili ziunganishwe. Kwa wilaya ya bara safari hiyo ilikuwa ya basi, lakini kwa Mafia ilianza kwa boti au ndege, na faili lililoharibiwa na virusi ndani ya flashi lilimaanisha kurudia kazi huku bahari ikiwa katikati. Virusi hivyo viliandikwa zaidi kwa ajili ya Windows, kwa sababu ndiyo iliyoenea kuliko mifumo yote.

Njia nyingine ilikuwepo, na ingawa ilianzia nje, ilifika Dar es Salaam kwenyewe. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, alitoa kiini cha Linux, mfumo ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuunakili, kuurekebisha na kuugawa bila malipo. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ilianzisha mradi wa Kilinux, na mwishoni mwa mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kuandikia barua na kupangia hesabu zenye menyu na maelekezo ya Kiswahili, zilizofanya kazi katika Linux na Windows pia. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kutoa programu zake kwa Kiswahili. Yaelekea ushindani huo mfupi ndio wakati pekee ambapo karani wa Kilindoni, anayeandika barua za ofisi kwa Kiswahili kila siku, alifikiriwa na pande mbili kwa mpigo.

Kilinux haikushindwa kwa ubora. Bei, ambayo ndiyo ilikuwa silaha yake kuu, ilikosa makali mahali ambapo fundi wa mtaani alipakia nakala ya Windows isiyo na leseni kwa malipo madogo. Mafundi wenyewe walifunzwa kwa Windows. Na EPICOR ilibaki ikidai Windows. Hata Ubuntu, toleo la Linux ambalo watengenezaji wake walilituma kwa posta, katika CD za bure, hadi mwaka 2011, lisingeweza kufungua hesabu za halmashauri. Mradi wa lugha uliachwa upambane na programu za Hazina, na hapo sera ya nchi ilikosea.

Mabadiliko yaliyovunja kifungo hicho yalitoka kwingine. Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa chini ya bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2017 PlanRep ikahamia kwenye tovuti. Baadaye MUSE, mfumo wa malipo ya serikali unaofunguliwa kwa kivinjari, yaani programu ya kuperuzi intaneti iliyopo katika Windows na Linux pia, ukachukua nafasi ya EPICOR. Mfanyabiashara anayelipia leseni leo hupewa namba ya malipo, huiingiza kwenye kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, kwa kuanzia na *150*00# ya M-Pesa, na malipo hupita katika GePG, mfumo wa kupokelea malipo ya serikali kielektroniki, hadi akaunti ya serikali: kitochi kina mfumo wake mdogo, mashine nyingi za POS za wakusanya ushuru zinatumia Android, iliyojengwa juu ya Linux, na karani huona risiti kwenye Windows.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuirekebisha Windows 10 dhidi ya kasoro za kiusalama, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Kompyuta hizo bado zinaweza kuendeshwa kwa Linux na kufungua mifumo ya serikali iliyo kwenye tovuti. Kinachokosekana ni mafunzo ya mafundi wa wilaya na kuendelezwa kwa kazi ya Kiswahili iliyoanzishwa na Kilinux, na yote mawili yamo ndani ya uwezo wa Mamlaka ya Serikali Mtandao na vyuo vikuu vya nchi.