Fosfeti ya Vilima vya Sukulu

Naitrojeni na fosforasi ni ndugu wa ukoo mmoja wa elementi, ila tabia zao ni mbalimbali. Naitrojeni imejaa hewani, na bakteria wa mizizi ya maharagwe huigeuza kuwa chakula cha mmea. Fosforasi hutoka mwambani. Sisi wa Busia na Tororo tumejaliwa mwamba huo katika vilima vya Sukulu. Miaka ya 1960 kiwanda cha Tororo kiliichanganya fosfeti yake na asidi ya salfa ipate kuyeyuka udongoni, kikatoa superfosfeti. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kazi ilikoma. Mahindi yakashinda njaa kando ya ghala. Kiwanda kipya kilizinduliwa mwaka 2018. Tuwafundishe wanafunzi wetu kwamba shamba livunwalo bila kurudishiwa huchoka.